Mkwe Wangu Alipopanga Foleni Dirishani

Ninyi mnaoanza kazi ya kutoa dawa, nina jambo la kuwaambia, na limenijaa kifuani kiasi kwamba kalamu haitulii. Tangu Jumatatu nazunguka uani nikicheka peke yangu, kuku wananikimbia. Lakini nikilitoa sasa hivi halitakuwa na maana kwenu, kwa sababu lilianza na kosa langu, na kosa lenyewe ndilo lenye faida kwenu. Kwa hiyo nitajizuia. Nitaanza na dirisha.

Dirisha langu pale kituo cha afya lilikuwa na wavu wa waya, na chini ya wavu palikatwa tundu la kupitisha mkono. Mgonjwa anasimama nje kwenye jua, mimi niko ndani kwenye kivuli pamoja na makopo yangu. Ananiona nusu, namwona nusu. Ule wavu ulinipa mdomo ambao nyumbani sikuwa nao. Nimewahi kumweleza mchungaji wangu mwenyewe namna ya kupaka dawa ya fangasi mahali ambapo Jumapili hapatajwi. Nimemuuliza mama mwenye umri wa mama yangu kama siku zake zimekoma au zinamchezea. Naye akajibu bila kuona haya, akachukua dawa, akaenda. Kesho yake tunakutana njiani tunasalimiana kana kwamba hatujawahi kuzungumza.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Lameki, mtu mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza. Alikuwa na neno moja tu, "Rudia." Akimpa mtu dawa na maelekezo, anamwambia, "Rudia nilivyosema." Watu walikuwa wanamwita Mwalimu Rudia. Mimi kijana nilimwona anapoteza muda. Siku moja nikampa mchunga ng'ombe mmoja wa Ihanja vidonge, nikamwambia ameze baada ya chakula cha usiku. Wiki iliyofuata amerudi na bahasha yangu, vidonge vyote vimo.

"Mbona hukumeza?" nikamuuliza.

"Ulisema baada ya chakula cha usiku."

"Ndiyo."

"Mimi usiku sili. Nakunywa maziwa nalala."

Mzee Lameki alicheka mpaka akashika rafu. Kisha akaniambia, "Kabla hujampa mtu dawa, muulize anakula nini na saa ngapi. Hiyo dawa inaenda kuishi tumboni mwake, siyo kwenye kopo lako." Nikaitikia. Nikadhani nimejifunza. Shuleni nilifika kidato cha nne, na mtu wa kidato cha nne wa zamani alikuwa anadhani kila alichokiitikia amekijua.

Sasa nimtaje Salome. Ameniruhusu nimwandike, kwa sharti kwamba nisimfanye mzuri kuliko alivyokuwa.

Salome ni mke wa mwanangu Daudi. Amezaliwa Mungaa, kwenye nyumba ya wakulima wenye ng'ombe kadhaa. Daudi anaendesha lori, anabeba alizeti na vitunguu, leo yuko hapa kesho yuko Dodoma. Walipooana walikaa kwetu Mandewa, chumba chao upande wa nyuma, jiko moja na mke wangu, Mama Daudi. Salome ana cherehani yake, anashona kwenye kibaraza karibu na soko.

Kwetu baba mkwe na mke wa mwana wana mipaka. Haniiti jina, simwingilii jikoni. Akileta chakula anakiweka, anapiga goti, anaondoka. Nikitaka kumwambia jambo namtuma Mama Daudi, na yeye vivyo hivyo. Habari za mwili wake ndizo hazina njia kabisa. Afadhali nipite sokoni bila shati kuliko kumuuliza mkwe wangu kama amepata siku zake. Hivyo ndivyo nilivyolelewa na sikulalamika. Dirishani nilikuwa mtu wa kusema kila kitu, nikivuka geti la nyumbani nakuwa mzee wa kukohoa na kusoma gazeti.

Mwaka wa tatu wa ndoa ulipita bila mtoto. Salome alikuwa amenenepa haraka, na mambo mengine mimi sikuyajua mpaka alipokuja kunieleza mwenyewe. Siku zake zilikuwa zinapotea miezi mitatu, minne. Ndevu zilikuwa zinamwota kidevuni, anazing'oa kwa kibano akiwa amejifungia. Shingoni ngozi ilikuwa imekuwa nyeusi, Mama Daudi akadhani haoshi vizuri, akamnunulia dodoki jipya.

Daudi akampeleka hospitali mjini. Wakampima damu, wakampiga utrasaundi, na daktari mmoja wa kike, kijana, akawaeleza kwamba ana ile hali wanayoifupisha PCOS. Ninyi mmeifundishwa darasani, lakini ngoja niiseme kama ninavyomwambia mama wa kawaida. Mwili unatengeneza insulini, ile homoni ya kushughulikia sukari, lakini mwili wenyewe hauisikii vizuri, basi unazidi kuitengeneza. Insulini ikizidi inavichokoza vile vifuko vya mayai ya uzazi, navyo vinatoa homoni za kiume kupita kiasi. Yai linaanza kukua halimalizi. Siku zinapotea, ndevu zinaota, chunusi zinatoka, na usipoangalia miaka ya mbele kisukari kinagonga mlango. Si laana wala uchafu wa kizazi. Na msidhani ni ya wanene tu. Nimewahudumia wasichana wembamba kama fito wanayo.

Daktari aliandika metformini, ile dawa ya kisukari inayousaidia mwili kuisikia insulini. Pale hospitali siku hiyo dawa ilikuwa imeisha, Daudi akaniletea cheti mimi, huku lori likimsubiri barabarani.

"Baba, dawa hii kwako ipo?"

"Ipo."

"Daktari amesema pia apunguze vyakula vya wanga mweupe na sukari, na atembee kila siku. Na alale mapema. Amesema dawa bila hayo ni nusu ya kazi."

"Sawa," nikasema, kama mtu anayesikiliza habari ya hali ya hewa ya mkoa mwingine. Macho yangu yalikuwa kwenye ule mstari wa dawa. Shikeni hili: sisi watu wa dirishani huwa tunasoma kile tu chenye kopo. Kutembea hakuna kopo, basi hatukuoni.

Jioni nikamkabidhi Mama Daudi bahasha. "Mpe mkwe wako. Moja asubuhi, moja jioni." Nikafunua gazeti. Mtu ambaye dirishani angesimama dakika tano kueleza kwamba metformini inamezwa katikati ya chakula, kwamba wiki za mwanzo inachafua tumbo, kwamba ukianza na kidogo mwili unazoea, mtu huyo huyo nyumbani kwake alisema maneno manne. Kwa sababu ilikuwa habari ya kizazi cha mkwe wangu, na nilikuwa naona haya.

Mama Daudi naye alikuwa na elimu yake. Alilelewa akijua dawa ya kizazi ni mizizi, na mizizi inanywewa alfajiri kabla kitu chochote hakijaingia mdomoni, la sivyo chakula kinaizuia njia. Akamwambia Salome hivyo hivyo. Salome akawa anaamka, anameza kidonge na maji baridi, anashika ufagio.

Mmeshabashiri. Wiki haikuisha, asubuhi nipo barazani na chai yangu, namsikia Salome anatapika nyuma ya tangi la maji. Mara ya kwanza. Kesho yake tena. Mama Daudi akaja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga, uso unang'aa kama wa bibi harusi.

"Baba Daudi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Unajua hiyo ni nini?"

Nilijua. Hapana, niseme ukweli wote: nusu yangu ilijua. Nilikuwa nimetoa metformini kwa wagonjwa wa kisukari miaka mingi, na ningeweza kuitambua sauti ya tumbo linaloikataa nikiwa nimefumba macho. Ile nusu nyingine ilitaka mjukuu. Nusu hiyo ndiyo iliyojibu, "Mungu ni mwema."

Kisha nikafanya baya zaidi. Nikamwambia Mama Daudi, "Mwambie aache kwanza dawa, mwenye mimba hamezi ovyo." Salome akaacha. Kutapika kukakoma. Nyumba nzima tukasema mimba imetulia.

Mnacheka. Chekeni, lakini sikilizeni kilichofuata. Mama Daudi alimwondoa Salome kwenye ufagio, akamwondoa kwenye cherehani. Kutoka Mandewa hadi sokoni akamkataza kutembea, ni bodaboda, na baadaye hata bodaboda akaikataza kwa kuwa inarusha. Akawa anamlisha. Uji wa sembe wenye sukari na siagi, chapati, soda ya baridi mchana, ugali mweupe usiku, na uji ukibaki lazima aumalize kwa ajili ya mtoto. Ndugu zake wa Mungaa wakaja na kuku na unga. Tumbo likakua kweli, kwa uji ule la nani lisingekua. Siku zake hazikuonekana, lakini zilikuwa hazionekani tangu zamani. Salome mwenyewe alimwomba Daudi wakapime. Mama akasema mimba changa haipelekwipelekwi hospitalini. Daudi akamsikiliza mama yake. Mimi nikakohoa.

Walipokwenda kupima, miezi ilikuwa imepita. Muuguzi akapitisha kile kifaa tumboni, akakipitisha tena, akamwita mwenzake. Hapakuwa na mtoto. Na sukari ya Salome ilikuwa imepanda kuliko mara ya kwanza.

Sitaeleza sana jioni ile. Nilikuwa barazani walipoingia, Salome akapita bila kupiga goti, na sikumlaumu. Mama Daudi alikaa jikoni muda mrefu, halafu akasema, si kwa sauti kubwa lakini ukuta wetu ni mwembamba, "Kumbe amekula uji wetu bure."

Asubuhi Salome alibeba begi akarudi Mungaa. Mama Daudi akaanza kusema kwamba Daudi bado kijana na wanawake hawajaisha. Alisema mbele yangu. Daudi akawa anapokea safari ndefu, hata zile ambazo madereva wenzake wanazikimbia. Ndoa ilikuwa inakwisha hivyo, polepole, na ndani ya nyumba ile aliyejua kwa hakika kwamba Salome hakumdanganya mtu alikuwa mmoja tu, naye alikuwa ameshika gazeti.

Sasa nakuja kwenye siku ninayoipenda kuliko zote katika kazi yangu.

Ilikuwa siku ya kliniki, foleni imefika hadi kwenye mti wa mwarobaini. Nahudumia bila kuinua macho, mkono unaingia na cheti, mkono unatoka na bahasha. Ukaingia mkono wenye cheti cha metformini. Kilikuwa kipya, cha daktari yule yule. Nikasoma jina. Nikainua macho, na nyuma ya wavu alikuwa Salome, amekuja na basi la asubuhi kutoka Mungaa, vumbi limemkaa kwenye kitenge.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Nikatazama chini.

"Baba, leo sikuja kama mkwe. Nimepanga foleni kama wengine. Mimi ni mgonjwa, naomba maelekezo ya dawa yangu."

Nawaambia, vijana, kifua kilifunguka. Wavu ulikuwa kati yetu. Ule ule wavu ambao nyuma yake nilimweleza mchungaji. Nikavuta kiti, nikakaa, na nikaanza kusema kama nilivyopaswa kusema mwanzoni.

"Dawa hii utaanza na kimoja kwa siku, kama daktari alivyoandika hapa, halafu mtaongeza. Unakula nini asubuhi?"

"Sili. Nakunywa chai tu."

"Basi usimeze asubuhi. Mlo wako mkubwa ni upi?"

"Wa jioni."

"Utameza ukiwa umefika katikati ya huo mlo. Usimeze kabla ya kula, wala usingoje mpaka tumbo liwe tupu tena. Wiki za mwanzo tumbo linaweza kuchafuka, linaweza kuharisha. Ikikuzidi usiache mwenyewe, rudi. Ukimeza na njaa," nikageuza kopo mkononi, "utatapika."

Akanitazama kupitia waya.

"Kwa hiyo ile mara ya kwanza."

"Ilikuwa dawa."

"Baba ulijua?"

"Nilijua. Nikaona haya kusema, halafu nikaona raha kuamini. Nikakuachisha dawa mimi mwenyewe. Uongo haukuwa wako, mwanangu. Ulikuwa wangu."

Nikadhani ataondoka. Nyuma yake jamaa mmoja mwenye mguu uliofungwa bandeji akapaza sauti, "Mzee, vipi huko, mnachumbiana?"

Salome akageuka taratibu. "Huyu ni baba mkwe wangu."

Foleni ikatulia kama kanisa. Hata yule wa bandeji alitafuta mahali pa kuangalia. Halafu bibi mmoja aliyekaa chini, kanga kichwani, akasema, "Kama ni mkwe basi muacheni amalize, nyumbani hawataweza."

Salome akaanza kucheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, na mimi ndani nikacheka na makopo yangu. Akapangusa uso, akasema, "Endelea, baba. Daktari alisema dawa ni nusu. Niambie nusu nyingine."

Nikamwambia. Ugali wa uwele au mtama badala ya sembe, tena mdogo, na mboga ndiyo ijae sahani: mlenda, majani ya kunde, maharage, dagaa, yai. Chai bila sukari, na kama hawezi, apunguze kijiko hadi kijiko kiishe. Soda ni ya harusi, siyo ya mchana. Atembee kila siku kwa mwendo wa mtu anayeogopa kuchelewa. Na ndoo za maji azibebe, ni mazoezi ya bure. Asubiri miezi, si wiki. Siku zinaweza kurudi kabla ndevu hazijapungua. Uzito ukipungua hata kidogo tu mwili unashtuka. Nikamwambia pia kwamba wapo wanaofanya yote hayo na bado wanahitaji dawa nyingine, na wapo ambao mtoto hawapati, lakini sukari inakaa chini na maisha yanakuwa yao. Sikutaka kumuahidi kitu kwa mara ya pili.

"Rudia," nikamwambia. Akarudia yote, bila kuruka hata mlenda.

Jioni ile nilimwita Daudi aliyekuwa amerudi safari, nikamkalisha na mama yake, nikawaeleza kutapika kulikuwa kwa nini na nani alijua. Daudi alitoka nje, nikasikia anawasha pikipiki ya jirani. Alikuwa anaelekea Mungaa. Mama Daudi alinitazama, akahamia lugha yetu ya Kinyaturu, na nilivyoambiwa humo sivitafsiri. Siku kadhaa zilizofuata nilijipikia.

Salome aliporudi, vita ilihamia kwenye unga. Mnadhani kugeuza chakula ni jambo la kuandika kwenye karatasi na kumkabidhi mtu? Kwetu sembe ndiyo heshima. Mgeni akija unampikia mweupe. Uwele ni chakula cha bibi zetu, na cha mwaka wa njaa.

"Watu watasema namnyanyasa mke wa mwanangu," alisema Mama Daudi. "Nampa uwele, namnyima chai ya sukari, namtembeza kwa miguu. Mimi nitaweka wapi uso wangu?"

"Daktari ndiye aliyesema," akajibu Daudi.

"Daktari hakai Mandewa."

Hapo nilijifunza jambo ambalo hakuna kitabu chenu kimeliandika. Mgonjwa hapiki peke yake. Ukimwelekeza binti bila kumwelekeza mwenye jiko, umemwelekeza hewani. Kwa hiyo nilianza kula uwele mimi. Nikautaka kwa jina. Wageni wakija, nikawa naagiza uwele mbele yao na kusifu. Mama Daudi alinuna, akapika, akaonja, na siku moja akasema kana kwamba ni wazo lake, "Bibi yangu alikula huu maisha yake yote na alizaa nyumba nzima." Nikainama kwenye sahani nisionekane ninavyotabasamu.

Na kutembea je? Alitatua mwenyewe. Ili watu wasiseme mkwe wake ananyimwa nauli, akawa anatoka naye asubuhi, wote wawili kwa miguu hadi sokoni, kikapu mkononi, anasalimia kila mtu kwa sauti. Akiulizwa mbona mnatembea, anajibu, "Tunafanya mazoezi, nyie bakini mnanenepa." Mwaka ule Mama Daudi alipunguza magauni mawili, Salome ndiye aliyeyakata. Mpaka leo ukimwona anavyopanda kile kilima chenye mawe utadhani anafukuzwa.

Nikastaafu, na nikapoteza dirisha. Hilo lilinitisha kidogo, maana mezani mimi na Salome bado hatuwezi kusema habari za mwili, na sitaki tuweze, heshima ni nzuri. Lakini dirisha la jiko letu lina wavu wa mbu. Akiwa ndani anapika, mimi nikiwa nje nawamwagia kuku mtama, tunaongea.

"Baba, daktari ameongeza kipimo, tumbo linanguruma."

"Unameza katikati ya mlo?"

"Juzi nilimeza mwanzoni."

"Ndilo hilo."

Na asubuhi moja, baada ya miezi mingi ya uwele na kilima, alikuja pale dirishani akasema maneno manne tu. "Baba, imeanza kufanya kazi." Sikuuliza zaidi. Nilijua siku zake zimerudi. Mzee mzima, niliwamwagia kuku debe zima la mtama wakashindwa kutembea, na Mama Daudi akaja kuuliza kama nimechanganyikiwa.

Miezi iliyofuata zilirudi tena, zikaruka mmoja, zikarudi. Wakati wa kuvuna alizeti ratiba ilivurugika, akala ovyo, uzito ukapanda, akashuka moyo, akaanza upya. Msimwambie mgonjwa kwamba ni njia iliyonyooka. Na msidhani kila anayekuja na cheti kama chake anatafuta mtoto. Wapo wasichana wa chuo wanaotaka tu chunusi ziishe na siku zieleweke, na wao wanastahili maelekezo kamili bila kuulizwa wataolewa lini. Na msiitangaze dawa ya mtu foleni nzima isikie. Semeni kwa sauti ya wavu.

Sasa nifike Jumatatu.

Wiki iliyopita, asubuhi, nipo barazani na chai yangu isiyo na sukari. Nikasikia sauti nyuma ya tangi la maji. Nikaweka kikombe chini. Mama Daudi alitokea mlangoni mwa jiko, unga mikononi kama siku ile. Tulitazamana. Hakukimbia wala hakung'aa. Akauma mdomo, akapaza sauti kuelekea kwenye tangi, "Salome, ulimeza dawa bila kula?"

"Sijameza leo, mama."

Mama Daudi akarudi jikoni akafunga mlango. Uji haukupikwa, simu haikupigwa Mungaa. Daudi aliniangalia, nikaangalia kuku. Hata mdomo wangu niliufunga kwa mkono, kama mtu anayepiga mwayo. Siku zote zile hatukumwachisha mtu kitu wala kumlisha mtu kitu. Jumatatu Salome alienda hospitali mwenyewe, kwa miguu, Mama Daudi kando yake, na kwa mara ya kwanza hakusalimia mtu njiani.

Niliwaona wakirudi. Mama Daudi alipita moja kwa moja chumbani na kanga yake usoni, sikuweza kusoma kitu. Mimi nilikuwa nyuma, na mtama mkononi, simwagi. Dirisha la jiko likagongwa mara mbili kwenye fremu, kama wagonjwa walivyokuwa wananigongea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nina habari ya dawa." Alishika utaratibu wa dirishani. "Daktari amesema kuanzia leo ataiangalia upya, kama niendelee nayo au nipumzike. Amenipangia kliniki nyingine."

"Kliniki gani?"

"Ya wajawazito, baba. Tumeona moyo unapiga."

Kuku walikuwa miguuni pangu. Upande wa chumbani Mama Daudi alikuwa ameshaanza kulia na kuimba kwa pamoja, kwa Kinyaturu. Nikashika wavu wa mbu kwa vidole vyote, nikakumbuka Mzee Lameki na sauti yake ya kukwaruza.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia.